GOTI LILILOCHAKAA: WAKATI WA KUAMUA UPASUAJI

Somo la Afya kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, msomaji ataweza:

(a) kueleza jinsi goti linavyochakaa;
(b) kutaja matibabu yanayopaswa kutangulia upasuaji;
(c) kupima faida na hasara za kubadilisha goti kwa mtu aliye kati ya miaka 45 na 60;
(d) kutambua dalili za kuwa wakati wa kuamua umefika, au umeanza kupita.

1. Kwa nini somo hili

Kahawa haiteremki yenyewe kutoka kihambani hadi kwenye mizani ya chama. Hubebwa kichwani na mgongoni, juu ya njia za mteremko, na watu ambao wengi wao walianza kubeba mizigo wakiwa watoto. Si ajabu basi kwamba katika kila mkutano mkuu wako wanachama wanaoinuka kitini kwa kushika meza. Wakiulizwa, husema ni baridi, au ni uzee.

Lakini mtu wa miaka 50 si mzee. Bado ana watoto shuleni, ana mkopo unaoendelea na ana shamba linalomngoja. Goti likimwangusha mtu wa umri huo, huangusha na kazi yake. Zamani ushauri ulikuwa mmoja tu, kuvumilia. Leo upasuaji wa kubadilisha goti hufanyika hapa nchini, ikiwa ni pamoja na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kwa hiyo swali lililo gumu zaidi sasa ni hili: ufanyike wakati gani?

Swali la namna hii si geni kwa wanaushirika. Kila Bodi yenye mashine ya kumenyea kahawa imewahi kujiuliza: je, mashine itengenezwe tena, au inunuliwe nyingine? Anayenunua mapema mno hupoteza fedha na miaka ya kazi iliyokuwa imebaki katika mashine ya zamani. Anayechelewa mno hukuta beringi imekula hata shafti. Goti nalo lina hesabu yake, ila lina tofauti moja kubwa: la asili likishaondolewa, halirudishwi.

2. Jinsi goti linavyochakaa

Goti ni mahali paja linapokutana na muundi, na mbele yake kuna kifuniko cha goti. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, tabaka nyororo na jeupe lisilo na mishipa ya damu. Kati yake kuna ute unaolainisha, kama grisi ndani ya beringi. Gegedu likilika, mfupa hukaribia mfupa. Hapo ndipo goti huuma wakati wa kupanda na kuteremka, hukakamaa asubuhi, huvimba jioni, na pengine mguu huanza kupinda kama upinde.

Sababu ni nyingi: umri, urithi, jeraha la zamani la mpira au ajali, kazi ya kuchuchumaa na kubeba, na uzito wa mwili. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye ugonjwa huu hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Mtu hupiga hatua maelfu kwa siku. Kila msomaji anaweza kuzidisha mwenyewe.

Ikumbukwe kwamba si kila goti linalouma limesagika. Goti lililovimba ghafla, lenye joto, pamoja na homa, laweza kuwa na usaha ndani. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Baridi yabisi na jongo nayo ni magonjwa mengine, yenye dawa zake. Hivyo hatua ya kwanza ni kujua ugonjwa.

3. Mfano wa katibu mmoja

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Katibu wa chama cha msingi cha kahawa ana miaka 52, na uzito wa kilo 94. Goti lake la kulia limemuuma kwa miaka 3. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa wajumbe wa Bodi waseme hawezi tena kazi. Alinunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa, akavimeza kila siku pasipo kupimwa.

Ghala la chama lina ngazi 14. Kwa muda wa miezi 4 katibu hakuzipanda. Karani alimletea daftari la ghala mezani, naye akalitia sahihi. Magunia yalipohesabiwa yalipungua, na hakuna aliyeweza kusema yalipungua mwezi gani. Karani hakuwa mwizi. Alikuwa amekosea kuandika mapokezi mara mbili. Lakini wanachama walizungumza, na katibu alikosa usingizi.

Usiku mmoja mkewe alimwambia, "Baba watoto, unachokiogopa ni kisu, au ni kuulizwa?"

Asubuhi yake alikwenda hospitali. Daktari aliitazama picha ya eksirei, kisha akaiweka kando. "Mzee," alisema, "katika siku saba zilizopita goti hili limekuzuia kufanya nini?" Katibu akazitaja ngazi za ghala, soko, kanisa na usingizi. Daktari akaandika yote. Kisha akampima shinikizo la damu na figo, akamkataza vile vidonge vya kila siku, na badala ya kumpangia upasuaji akampa mazoezi ya wiki 12.

Katibu alirudi nyumbani amefadhaika, akidhani amenyimwa tiba. Kumbe ndiyo kwanza ameianza.

4. Matengenezo yanayotangulia

Hakuna Bodi inayoidhinisha mashine mpya kabla ya fundi kukaza nati na kutia grisi. Kwa goti, kazi hiyo ina sehemu nne.

Ya kwanza ni mazoezi. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishika goti. Mgonjwa akikaa kitini na kuunyoosha mguu, akiushikilia kidogo na kuushusha polepole, au akiinuka kitini pasipo kushika kitu, misuli hiyo huimarika. Yafaa aanze chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na aendelee kwa wiki 12 bila kukatiza. Maumivu kidogo katika siku za mwanzo si dalili ya kuharibika.

Ya pili ni kupunguza uzito kwa yule aliyezidi. Ya tatu ni kubadili namna ya kufanya kazi: fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu, mizigo ipakiwe kwenye mkokoteni, na kigoda kitumike mahali pa kuchuchumaa.

Ya nne ni dawa, kwa maagizo ya daktari. Vidonge vya aina ya diklofenaki hutuliza maumivu, lakini vikitumiwa muda mrefu vinaweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Sindano ya ndani ya goti huleta nafuu ya wiki chache, pengine miezi michache. Haikuzi gegedu jipya. Tena aliyechomwa sindano hiyo hushauriwa angoje kama miezi 3 kabla ya kubadilishwa goti, ili kuepuka wadudu wa usaha.

Je, matengenezo haya yana thamani kweli? Mwaka 2015 madaktari wa Denmark walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 100 waliokwisha kustahili upasuaji. Nusu yao walibadilishwa goti, kisha wakapewa mazoezi, ushauri wa chakula na dawa. Nusu walipewa mazoezi, ushauri na dawa peke yake. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu kubwa zaidi, kwa kadiri ya maradufu. Lakini pia walipatwa na madhara makubwa mara nyingi zaidi: 24 dhidi ya 6. Na katika wale 50 wasiopasuliwa, 13 tu ndio walioomba upasuaji ndani ya mwaka huo.

Hesabu hii ina mafunzo mawili, na haifai kusoma moja na kuacha la pili. Upasuaji una nguvu kuliko mazoezi. Hata hivyo, wengi waliodhaniwa hawana njia nyingine waliweza kungoja.

5. Upasuaji wenyewe

Daktari huondoa ncha zilizochakaa za paja na muundi, akaweka vifuniko vya madini, na kati yake kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Mfano uliofungua njia ya magoti bandia ya siku hizi ulibuniwa na John Insall na wenzake huko New York, ukaanza kutumika mwaka 1974. Mwaka 1975 Sweden ilianzisha daftari la taifa la magoti bandia, ambamo kila goti lililowekwa huandikwa, na kila lililoharibika huandikwa pia. Makatibu wataelewa faida yake: pasipo daftari, kila fundi hudai kazi yake ni nzuri.

Mgonjwa husimamishwa siku ile ile au ya pili yake. Hutumia magongo kwa wiki 4 hadi 6, na kazi ya mezani aweza kuirudia kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kupona kikamilifu huchukua hadi mwaka mzima. Wiki za kwanza ndizo za kukunja goti kwa mazoezi, ijapokuwa linauma. Anayelala kitandani kwa kujihurumia atabaki na goti gumu.

Wengi hupata nafuu kubwa, hasa ya maumivu. Hata hivyo takriban mmoja kati ya 5 hubaki hakuridhika kabisa. Mmoja au wawili kati ya 100 hupatwa na usaha ndani ya goti, na wengine damu huganda katika mishipa ya mguu. Goti bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa kabisa kunahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayetumia choo cha shimo, anayesujudu, au anayepalilia kwa kupiga magoti, amweleze daktari mambo hayo kabla, wala asiyagundue baadaye.

6. Hasara ya kuharakisha

Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2019, uliotumia madaftari ya Australia na Finland, ulionyesha kwamba magoti 82 kati ya 100 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hiyo ni habari njema. Lakini mwaka 2017 uchunguzi wa Uingereza uliwatazama wagonjwa kwa umri wao. Kwa wenye miaka 70 au zaidi, kama 5 tu kati ya 100 ndio wanaotazamiwa kurudiwa upasuaji maishani mwao. Kwa wanaume wenye miaka 50 hadi 54, wanaotazamiwa ni 35 kati ya 100. Kwa wanawake wa umri huo ni kama 20.

Sababu yaeleweka. Mwenye miaka 52 ana miaka mingi mbele yake ya kulitumia goti, na hulitumia kwa nguvu. Na upasuaji wa kurudia si sawa na wa kwanza: mfupa uliobaki ni mdogo, kazi ni ndefu, gharama ni kubwa, na hatari ya usaha huongezeka. Hivyo kila mwaka mwema anaoupata mtu wa makamo kwa goti lake la asili ni akiba.

Aidha, mwenye maumivu madogo hupata faida ndogo. Akiwa amepoteza kidogo, upasuaji hauna kikubwa cha kumrudishia.

Kwa baadhi ya watu wa makamo zipo njia za kati. Ikiwa upande mmoja tu wa goti umechakaa, daktari aweza kuukata na kuunyoosha mfupa ili mzigo uhamie upande mzima, au akabadilisha upande mmoja tu. Si kila goti hufaa kwa njia hizo, lakini kila mgonjwa ana haki ya kuuliza.

7. Hasara ya kuchelewa

Wapo wanaosikia hesabu hiyo wakaamua kungoja hadi wafikishe miaka 65, kana kwamba ni tarehe ya kustaafu. Hilo nalo ni kosa. Goti halisomi kalenda.

Anayengoja huku hatembei, misuli ya paja lake husinyaa. Goti hukakamaa, na goti lililoingia chumba cha upasuaji likiwa gumu aghalabu hutoka likiwa bado gumu. Mguu ukipinda sana, kazi ya daktari huwa ngumu zaidi. Mguu wa pili na mgongo hubebeshwa mzigo usio wao. Uzito huongezeka, sukari na shinikizo la damu hupanda, na mwili uliokuwa tayari kwa upasuaji huacha kuwa tayari. Madaktari wamekwisha kuona kwamba wanaopasuliwa wakiwa wameshalegea mno hawafikii hali ya wale waliopasuliwa mapema kuliko wao.

Kungoja kwenye faida ni kule kunakofuatana na mazoezi na vipimo. Kungoja kwa kujificha ni uchakavu usioandikwa katika vitabu.

8. Dalili kwamba wakati umefika

Wala umri peke yake, wala eksirei peke yake, havitoshi kuamua. Wapo wenye picha mbaya wanaopanda mlima, na wenye picha nafuu wasiolala. Yafaa mgonjwa ajiulize maswali haya, na majibu ayaandike kila mwezi:

(a) Je, maumivu yananiamsha usiku, mara nyingi katika wiki?
(b) Je, natembea umbali gani kabla ya kusimama? Miezi 6 iliyopita ulikuwa umbali gani?
(c) Je, ni kazi zipi za riziki na za nyumbani nimeziacha?
(d) Je, goti bado linanyooka na kukunjika kama zamani, au linapungua?
(e) Je, nimefanya mazoezi kwa wiki 12 kwa uaminifu, na kupunguza uzito kama nilivyoagizwa?

Ikiwa jibu la (e) ni hapana, wakati bado. Ikiwa ni ndiyo, na majibu ya (a) hadi (c) yanazidi kuwa mabaya, wakati umefika, awe na miaka 48 au 68. Na ikiwa jibu la (d) laonyesha goti linakakamaa au mguu unapinda, asikawie kumrudia daktari wa mifupa.

Katibu wa mfano wetu alifanya hivyo. Katika miezi 5 alipunguza kilo 6, yaani mzigo wa kilo 24 hivi katika kila hatua. Alizipanda ngazi za ghala akishika ukuta, akahesabu magunia mwenyewe. Alipata mwaka mmoja na nusu wa nafuu. Kisha daftari lake dogo likaanza kusema mengine: usiku 2 kwa wiki, halafu 5, kilomita 2, halafu nusu. Goti likawa halinyooki. Alikuwa na miaka 54 alipoamua, na safari hii aliiambia Bodi mwenyewe.

9. Matayarisho, na wajibu wa chama

Kabla ya upasuaji mgonjwa atibiwe meno mabovu na vidonda vya ngozi, kwa maana usaha wa mahali pengine waweza kuhamia gotini. Sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe, upungufu wa damu urekebishwe, sigara iachwe. Mwenye bima aulize kwa maandishi kama inalipia goti bandia lenyewe au upasuaji na kitanda tu. Pia zihesabiwe nauli za kurudi kliniki, mtu wa kumhudumia, na miezi isiyo na mapato. Nyumbani kiandaliwe kitanda kisicho cha chini mno na kiti cha chooni.

Chama kina sehemu yake. Bodi ichague kaimu katibu mapema, makabidhiano ya vitabu, fedha na funguo yafanyike kwa maandishi mbele ya mashahidi, na tarehe ipangwe, ikiwezekana, baada ya msimu kufungwa. Zaidi ya yote, mtumishi asifanywe aone kuwa kuugua ni kosa la kufukuziwa kazi. Chama kinachowatisha wagonjwa wake hufundisha kuficha, na palipo na kuficha, hata daftari la ghala haliko salama.

Katibu yule alirudi ofisini baada ya wiki 10. Hivi sasa hulala usiku. Ngazi 14 huzipanda moja moja, akishika mbao za ubavuni ambazo Bodi iliagiza zipigiliwe. Kanisani hapigi magoti tena, huketi; na gunia habebi. Alikuwa ameambiwa hayo yote kabla, na kwa sababu aliambiwa, hayamsikitishi.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini daktari aliiweka kando picha ya eksirei na kuuliza juu ya siku 7 zilizopita?
2. Mwanachama ana miaka 50 na kilo 90. Akipunguza kilo 5, goti litapunguziwa mzigo wa kilo ngapi hivi katika kila hatua?
3. Elezeni tofauti kati ya kungoja kwenye faida na kungoja kwa kujificha. Toeni mfano wa kila kimoja katika kazi za chama.
4. Mkulima mwanamke wa miaka 53 hulala vizuri na hutembea kilomita 4, lakini goti humuuma akiteremka. Anataka kuuza ng'ombe ili abadilishwe goti mwezi ujao. Mngemshauri aanze na nini?
5. Je, ghala na ofisi ya chama chenu zinafikika kwa mwanachama mwenye goti bovu? Ni matengenezo gani madogo yanayoweza kufanywa mwaka huu?